Nilikua nasubiri wacheke

Siku yangu ya kwanza mbele ya kamera ya maana, sio ya simu, nilisema mstari wangu mmoja halafu nikanyamaza. Nikasubiri. Dairekta nae akasubiri, mshika kamera akasubiri, yule kaka anaeshika ule mti mrefu wa maiki juu ya kichwa changu mikono ikaanza kumtetemeka. Zikapita kama sekunde nne hivi, dairekta akasema kata, akanifata taratibu kama mtu anaemfata mgonjwa, akaniuliza, "Dada, umesahau mstari?" Nikamwambia hapana sijasahau. "Sasa unasubiri nini?" Nikamjibu kwa moyo mweupe kabisa, "Nasubiri wacheke."

Hapo ndo walicheka. Seti nzima, mpaka dada wa mekapu akaweka brashi chini. Na mi kwa akili yangu ya ucheshi nikafurahi kabisa nikajua nimepata, kumbe nimeharibu teki ya nne na jua linazama.

Naandika haya kwasababu kuna wadogo zangu wengi hapa Mbeya wanaoshika maiki kwenye maharusi na kwenye mabaa wananiuliza dada ulitokaje huku ukaingia kwenye tamthilia, wanadhani kuna mlango mmoja hivi mtu anafunguliwa. Hakuna mlango. Kuna vitu nilivyojifunza nikiwa jukwaani nikaviingiza kule vikanisaidia, na kuna vingine nilikua najisifia kabisa kwamba mimi ni fundi, kule vikawa ndo ugonjwa.

Mi mtoto wa Mwanjelwa, asili yetu Tukuyu. Mama alikua na meza ya mitumba ndani ya soko la Mwanjelwa, lile la zamani, na lilipoungua 2006 nilikua darasa la sita. Asubuhi yake tulienda, wamama wamekaa pembeni ya majivu, wengine khanga kichwani, hakuna anaeongea, unasikia tu mabati yanalia yakipoa. Sasa kuna mama mmoja alikua anauza viatu, akavuta pumzi akasema, "Mi nilikua nadai watu na mi watu wananidai, madaftari yote yameungua, kwahiyo leo jamani tumekua sawa." Wale wamama walicheka mpaka wakalia, halafu wakalia kweli, halafu wakacheka tena. Mama yangu alikua ananishika bega anatikisika na sikujua yupo upande gani. Watu wakiniulizaga nilianza lini komedi mi naitajaga siku hiyo, japo aliechekesha sio mimi.

Kazi yenyewe nilianza kama wengi wetu, kwenye sherehe. Send-off, kitchen party, kipaimara, elfu 30 na sahani ya pilau, na ukiwa na bahati kamati inakufungia keki. Marekani huko naona mtu anaanzia kwenye vilabu vya stand-up, kila usiku anapanda anashuka, sisi chuo chetu ni harusi. Na sio chuo kibaya, maana kwenye harusi una bibi wa miaka 80, una mchungaji, una vijana wameshakunywa nje, una mama mkwe amenuna, na wote unatakiwa uwachekeshe kwa maneno yale yale bila kumuudhi mchungaji.

Halafu ikaja ile zama ya Mbeya City. Waliokuwepo wanakumbuka, timu imepanda ligi kuu, msimu wa kwanza tu wa 2013/14 ikamaliza ya tatu, mji mzima ukawa zambarau, hata watu ambao hawajui ofsaidi ni nini walikua wananunua jezi. Mabaa yakajaa watu wanaangalia mpira. Mwenye baa mmoja maeneo ya Mafiati aliniona kwenye harusi ya ndugu yake akaniambia njoo uchekeshe watu wakati wa mapumziko wasiondoke kwenda baa nyingine. Masharti yake yalikua hivi: "Mdogo wangu, una dakika 15. Wachezaji wakirudi uwanjani maiki nazima, hata kama ulikua unamtaja Yesu."

Na alikua anazima kweli. Nimeshazimiwa maiki katikati ya kichekesho nilichokijenga dakika nne nzima, nimebaki nafungua mdomo kama samaki na watu wameshageuka wananipa visogo. Ukizimiwa hivyo mara tatu nne unaanza kukata maneno mwenyewe. Ile "basi bwana siku moja kulikua na jamaa mmoja hivi" inaondoka, unaingia moja kwa moja kwenye jambo. Nilikua naandika kwenye daftari halafu nafuta, naandika nafuta, kichekesho cha mistari kumi kinabaki mitatu. Sikujua kama miaka ya mbele nitapewa skripti yenye maneno mengi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyasema akiwa amekasirika, na kwamba nitamuomba dairekta kwa adabu, kaka hapa naweza nikasema "haya" tu nikaondoka? Akasema jaribu. Ikabaki hiyo "haya."

Ila sehemu ninayoiheshimu kuliko zote kwenye maisha yangu ya jukwaani ni usiku niliobuma Iringa. Ilikua 2017. Niliitwa kwenye shoo, nikapanda basi toka Mbeya, Chimala, Makambako, Mafinga ile baridi inaingia mpaka kwenye mfupa, njia nzima najirudia maneno yangu kimoyomoyo abiria wa pembeni anadhani nasali. Ukumbi umejaa. Mi nikapanda na kichekesho gani cha kufungulia? Cha Wahehe na mbwa. Iringa mjini. Mbele ya Wahehe wenyewe. Nilijiona nina ujasiri kweli, kumbe ni uvivu, maana kila mchekeshaji nchi hii akikosa cha kusema anakimbiliaga hapo.

Kimya. Halafu mzee mmoja aliekaa meza ya pili, kofia kichwani, wala hakupaza sauti, akasema, "Mwanangu, hiyo tumeisikia tangu enzi za Mkwawa. Una nyingine?"

Ukumbi ukaanguka. Watu waligonga meza, mhudumu akamwaga bia. Kicheko kikubwa kuliko vyote usiku ule na sio changu. Na mi nilikua bado na dakika 14.

Naomba niwaambie dakika 14 za kubuma zinakuaje. Ukumbi ukikataa kucheka hauwi kimya, hiyo ni ya kwanza. Unasikia kila kitu. Nilisikia jenereta nje, nikasikia kiti kinaburuzwa, nikasikia mtu anamnong'oneza mhudumu kwamba chips zake ziwe kavu, nikasikia pumzi yangu mwenyewe inapiga kwenye maiki. Nikawa nasema vichekesho vyangu vyote haraka haraka kama mtu anaelipa deni, na kadri nilivyokimbia ndo walivyozidi kunitazama kwa huruma, na huruma ya Wahehe ni nzito, ni watu wenye staha. Dakika ya kama nane nikachoka kukimbia. Nikasimama tu. Nikawaangalia, wakaniangalia. Sikuchekesha, sikusema kitu, labda sekunde kumi. Na kitu cha ajabu ni kwamba hizo sekunde kumi ndo walinisikiliza kuliko muda wote.

Nilivyoshuka mzee yule akaniita akaniagizia soda. Nikadhani ataniomba msamaha. Akasema, "We mtoto umeingia kwenye nyumba ya watu hata kamwene hujasema." Basi. Hakuongeza kitu, akaendelea na mambo yake. Tokea hapo sijawahi kupanda jukwaa la watu bila kusalimia kwanza kwa lugha yao na kusubiri waitikie, na kusubiri kwenyewe ndo kazi, maana mchekeshaji mwenye woga anasalimia huku ameshaanza kichekesho.

Sasa kuhusu kuhamia kwenye TV. Watu wengine wanaona kama mchekeshaji akienda kuigiza ameasi. Lakini kwa hapa kwetu ukifatilia, ucheshi wetu siku zote ulikua ni wa kuigiza, huu wa mtu mmoja na maiki ndo mgeni. Wazazi wetu wamecheka na Pwagu na Pwaguzi na Mzee Jongo kwenye Redio Tanzania, wote waigizaji. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, alietutoka Agosti 2018, hakuhitaji maiki ya mkononi, alikua anaingia tu sebuleni kwenye filamu anakaa kwenye kochi we unacheka hajasema kitu. Kizazi chetu tumelelewa na kina Joti, Masanja na Mpoki, wakiwa EATV na baadae TBC, na Joti siku moja anakua bibi, siku nyingine mtoto wa shule, na unamuamini. Stand-up imekuja kukolea baadae, tukiangalia Churchill wa Kenya, halafu Cheka Tu ya Dar ikaonyesha vijana kwamba inawezekana kabisa ukumbi ukajaa kwa ajili ya mtu mmoja anaeongea.

Kwahiyo mi sijatoka kwenye nyumba moja kwenda nyingine, nimetoka varanda nikaingia chumbani. Tatizo chumbani kuna sheria zake.

Ilivyotokea ni kwamba 2020 corona ikaja, mikusanyiko ikasimamishwa, harusi zikafa zote kwa pamoja, kamati zikawa zinanipigia simu kurudishiwa hela za advansi ambazo nimeshakula. Nikaanza kujirekodi kwa simu jikoni kwa mama, dakika moja moja, naigiza mama mwenye nyumba, naigiza konda wa Uyole, naigiza mchungaji. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mwaka uliofata nikapigiwa simu toka Dar, wameona klipu, kuna odisheni, nauli juu yako. Nikapanda basi la alfajiri, kilomita 800 na kitu, Kitonga tunashuka mi nimefumba macho kama kawaida yangu, Mikumi naamka naona tembo, usiku ndo nashuka kituo kipya cha Magufuli pale Mbezi nimevaa sweta. Sweta! Dar! Konda akaniuliza dada unaumwa?

Kwenye odisheni dada mmoja akaangalia karatasi akaniuliza, "Unaweza kuongea kama Mhehe? Tunatafuta beki tatu katoka Iringa." Nikamwambia mi Mnyakyusa wa Mbeya. Akasema, "Si huko huko." Jamani. Hiyo ni sawa na kumwambia mtu wa Tanga aigize Mchaga kwasababu wote mabasi yao yanapita Chalinze. Mhehe anaongea kwa utaratibu wake, sauti iko chini, anakuheshimu mpaka unajishtukia, Mnyakyusa hata akikunong'oneza jirani anatoka nje kuangalia kuna nini, na wazee wetu hiyo r inawapiga chenga, Rungwe wenyewe tunaiita Lungwe. Lakini nilikua na njaa ya kazi nikasema naweza. Na nikafanya kile nilichokua nafanya jukwaani, nikavuta maneno, nikatumbua macho, nikatembea kama nimebeba ndoo. Wakacheka sana, nikapewa nafasi.

Hilo la dada wa kazi toka Iringa nina neno nalo. Kila tamthilia kuna nyumba ya kifahari na kila nyumba ya kifahari kuna binti wa nyanda za juu anaechekesha kwa kutojua kutumia maikrowevu. Mi nimekula hela ya huyo binti kwahiyo sijisafishi, ila nasema.

Sasa seti. Nilishawaambia ya kusubiri wacheke. Ile ilikua mwanzo tu. Makosa mengine yalikuja kwa mpangilio.

Kwanza macho. Mchekeshaji anaongea na watu waliopo mbele yake, na mbele yangu kilichopo ni kamera, basi mi nikawa naiangalia kamera moja kwa moja, nasema mstari wa kumjibu bosi wangu huku nawatazama nyinyi mliopo nyumbani. Dairekta akawa ananiambia bosi wako yuko kushoto, mwangalie bosi. Naangalia, nikifika neno la kuchekesha macho yanarudi yenyewe kwenye kamera. Akaniwekea kipande cha selotepu nyekundu kwenye shati la yule muigizaji mwenzangu, kifuani, akasema wewe ongea na hii.

Halafu ukubwa. Jukwaani unachezea yule wa mwisho kabisa kule mlangoni alieinama na simu, kila kitu kinakua kikubwa, nyusi, mikono, sauti. Kamera iko mita moja na nusu toka usoni kwako na inaona hata ulichokula asubuhi. Nikiwa nashangaa kwa kiwango changu cha ukumbini, kwenye skrini nilionekana kama mtu aliepigwa na shoti ya umeme. Walinionyesha kwenye kamonita kadogo, nikaona aibu mpaka masikio.

Na kurudia. Hii hakuna alienambia. Kichekesho ukikisema jukwaani unakisema kwa watu ambao hawajawahi kukisikia, kesho unaenda kwa wengine. Kwenye seti unakisema kwa watu wale wale mara sita, mara nane, kwanza kamera ya mbali inachukua wote, halafu wanahamisha taa nusu saa, unarudia ya karibu, halafu wanageuza upande wa mwenzako na wewe unatakiwa umsemee mistari yako akiwa anarekodiwa yeye. Mara ya kwanza mshika kamera anatabasamu. Mara ya tatu anapiga miayo. Na hata akitaka kucheka haruhusiwi, kicheko chake kitaingia kwenye sauti. Kwahiyo watu pekee wanaokuona ni watu waliokatazwa kucheka! Kwa mtu aliekulia kwenye baa ya mpira hii ni adhabu ya kaburini.

Kuna siku ya ugali. Sini ilikua nakula jikoni peke yangu huku nasikiliza mabosi wanagombana sebuleni. Teki ya kwanza mi nikala, nikala kweli, toka asubuhi sijala na ugali ulikua na dagaa wa nazi, nikamega tonge za kimwanaume. Watu wa seti wakafurahi, dada anaigiza kwa uhalisia. Sasa kwenye kazi hizi kuna mtu ameajiriwa kukumbuka ulichofanya, mkono gani ulishika nini, tonge la ngapi ulisema neno gani, ili vipande vikiunganishwa vifanane. Yule dada akaandika yote kwenye karatasi yake. Maana yake kila teki inayofata lazima nile vile vile. Teki kumi na moja. Ya tisa nilikua natoa machozi na dairekta anasema vizuri sana hiyo hisia ibakize. Mama mmoja muigizaji mkongwe tuliekua nae, alikua anacheza bibi wa ile nyumba, akanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, muigizaji mzoefu hamegi, anachezea mboga." Mpaka leo ukiniona kwenye sini ya chakula angalia vizuri, mi nachezea mboga.

Hela niseme kidogo tu maana inaniuma. Kazi ya pili nilisaini mkataba nimesimama, kalamu ya kuazima, natazama mstari wa kiasi tu. Baadae nikajiona kwenye tangazo, kipande changu cha sini, sura yangu inauza kitu ambacho hata sikitumii. Nikaenda kuuliza nikaonyeshwa aya, ipo, sahihi yangu iko chini yake na imekaa vizuri kabisa. Nchi hii kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na hicho kipande cha hakishiriki ndo cha kwetu sisi tunaoigiza, lakini ukishaviuza vyote kwa sahihi moja sheria inakuangalia tu. Kwenye harusi nilikua sipandi jukwaani hela haijaingia kwenye simu, sijui kwanini kule akili iliniruka. Nadhani ni ile kuitwa msanii. Ukiitwa msanii unaona aibu kusoma karatasi.

Turudi. Kilichonibadilisha ilikua sini moja, ya dada wa kazi huyo huyo. Bosi anamtukana mbele ya wageni, na skripti ilikua inanipa jibu la kuchekesha, nimjibu kitu kuhusu maikrowevu. Tumefanya teki mbili, wageni wa kuigiza wanacheka kama walivyoambiwa. Mi katikati ya teki ya pili nikamkumbuka mama mdogo. Mama mdogo wangu alitoka Tukuyu na miaka 15 akaenda kufanya kazi za ndani Dar, akarudi baada ya miaka sita na begi lile lile aliloondoka nalo. Sijawahi kumsikia akisimulia kichekesho chochote cha huko. Tukimuuliza alikua anasema "kwema tu" halafu anatafuta kitu cha kushika, kisu, ndoo, chochote.

Nikamuomba dairekta nisijibu. Akasema sasa utafanya nini? Nikasema nitafuta meza. Akasita, maana mi ndo niliajiriwa kuchekesha na sini ilikua haina mchekeshaji mwingine. Akasema tufanye moja ya usalama halafu moja ya kwako. Kwenye ya kwangu bosi akatukana, mi nikafuta meza. Kimya kikaja, kile kile cha Iringa, nikakitambua kabisa kama unavyomtambua mtu uliewahi kugombana nae. Zamani ningekimbia ningejaza maneno. Safari hii nikakaa nacho humo ndani, nikafuta meza taratibu, nikasikia feni, nikasikia gari linapita nje. Hiyo ndo waliyoirusha.

Watu wengi walinipigia siku ile ilivyoruka. Mama nae akapiga, nilikua nasubiri yake kuliko zote. Akasema, "Nimeangalia. Umefuta meza vibaya." Nikamwambia mama, nini? "Mtu wa kazi anafuta kuja kwake, anakusanya makombo kwenye kiganja. Wewe ulikua unayasukumia wageni. Mama yako mdogo yuko hapa anacheka." Na kweli nikamsikia kwa nyuma, anacheka mpaka anakohoa. Miaka yote ile na ndo mara ya kwanza namsikia anacheka kuhusu Dar.

Ukitazama hata wale wakubwa wa Marekani waliotoka kwenye stand-up, Robin Williams alipata Oscar 1998, Jamie Foxx 2005, Mo'Nique 2010, na wote watatu hawakuipata kwa kuchekesha, Mo'Nique aliipata kwa kuigiza mama katili ambae ukimuona unataka kuzima TV. Watu husema eti mchekeshaji ana huzuni ndani, ndo maana anaweza. Mi siamini sana hiyo, nawajua wachekeshaji wenye furaha zao kabisa wanakula wanalala. Nadhani ni kwamba mchekeshaji ameshasimama mbele ya watu mia mbili ambao hawacheki, akabaki hai. Kuna kazi nyingine gani inakufundisha hivyo? Labda mwalimu wa hesabu.

Mwaka jana tumepiga kazi huku kwetu, Tukuyu, Julai. Raha yake niwaambie, wale wa Dar ndo walikuja na fulana nikawaangalia tu, jioni nikawaona wamejifunga mataulo. Tumesumbuka na mvua, Tukuyu mvua haina msimu wa kuomba ruhusa, na nyumba tuliyokodi ina bati, ikianza tu hakuna sauti, tunakaa tunakunywa chai tunasubiri. Siku ya mwisho jioni ikakata, tukamaliza sini, watu wanataka kukusanya vitu, kaka wa sauti akasema hapana jamani bado, naomba sekunde 30 nirekodi chumba. Hii wanafanyaga kila sehemu. Wote mnabaki pale pale mlipo, hakuna kutembea, hakuna kuongea, anarekodi ukimya wa hicho chumba ili kule kwenye kuunganisha wawe na kitu cha kuweka chini ya maneno, maana kumbe kila chumba kina kimya chake na ukiweka cha chumba kingine sikio linajua.

Nikasimama na sufuria mkononi. Maji yanadondoka toka kwenye bati, tone, tone. Mbali huko mtu anapasua kuni. Ng'ombe mmoja. Migomba nyuma ya nyumba inajikung'uta. Watu 17 tumeganda kama picha na mlangoni kuna bibi jirani na ndoo yake kichwani, alikua anapita kijana wetu akamzuia kwa mkono, amesimama anatutazama mmoja mmoja. Sekunde 30 ni nyingi jamani. Na mi nikajikuta nahesabu kama nilivyokua nahesabu Iringa, ila tumbo halikuniuma.

Kaka wa sauti akainua kidole gumba. Dairekta akasema asanteni tumemaliza. Bibi akashusha ndoo, akauliza, "Sasa hapo mlikua mnarekodi nini?"

Nikamwambia, "Kimya, bibi."

"Kimya?" Akatuangalia tena, na magari yetu, na jenereta, na zile taa. "Si mngekuja usiku, mngekipata chote."